Kamba na Udongo wa Duara la Somanda

Niliacha kazi mwezi uliopita kwa sababu ya goti. Umri bado unaniruhusu, goti la kushoto ndilo limekataa, na nikieleza kazi hii itabidi nieleze pia lilivyoharibika na nani walihusika, kwa majina. Nyie vijana wa pikipiki wa Somanda mnaoandaa mbio za sikukuu na kunifuata nije kuwatengenezea njia, mliniomba niwaachie maandishi. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo humu msitafute mpangilio wa karani. Tafuteni udongo, maji na kamba. Hasa kamba. Wapo watu mjini hapa ambao hata leo wakinitambulisha kwa mgeni husema, huyu ndiye Sitta aliyeshusha kamba siku Masanja alipovunjika. Na Masanja mwenyewe, ambaye gereji yake iko hatua chache tu kutoka dukani ninaponunua mkate, kwa miaka yote hii hakuwahi kuitikia salamu yangu. Mtu huzoea mambo mengi. Hilo sikulizoea.

Nilianza kama kuli kwenye yadi ya pamba ya ushirika. Kazi yetu ilikuwa kupanga marobota na kuyapakia kwenye lori. Halafu soko likafunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, na pamba ikaacha kupita kwetu. Msimu mmoja tu ulitosha. Yadi ikabaki wazi, ukuta wa ghala upande mmoja na majani kila mahali, na mizani yetu kubwa ikawa mahali pa kuku kulala. Makuli thelathini tukabaki wanne, na hao wanne walibaki kwa sababu mwenye ufunguo, karani Gervas, aliwataka wabaki. Mkumbuke hilo la Gervas kuchagua nani abaki. Sisi tulilikumbuka kila asubuhi.

Pikipiki zililetwa na pamba hiyo hiyo. Kila mnunuzi alikuwa na mawakala wake, na wakala aliyetangulia kufika kijijini ndiye aliyenunua. Kwa hiyo walikuwa wanakimbizana kwenda Nkololo, kwenda Maswa mpaka Ipililo, juu ya pikipiki zilizokwisha kuchakaa zilipokuwa bado za mabwana shamba. Jioni walirudi Somanda wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakabishana nani alimwacha nani. Gervas aliwasikiliza siku nyingi. Alikuwa ameona video Mwanza, pikipiki zinazunguka duara la udongo, zote zinakata kushoto, zinakwenda ubavu ubavu kama kaa. Siku moja akatuita sisi wanne akauliza kama tuna majembe. Huyu Gervas nitamsema vibaya baadaye, kwa hiyo acheni nimpe haki yake hapa: bila yeye kusingekuwa na duara.

Tulilichora kwa kigingi na kamba ya katani, vigingi viwili, kama mtu anayechora msingi wa msonge mkubwa, kisha tukaunganisha pande kwa mistari iliyonyooka. Tukang'oa majani, tukasawazisha, tukaona tumemaliza. Udongo wa pale mnaujua, ule mweusi wa mbuga. Ukikauka unapasuka nyufa za kumeza tairi. Ukilowa unakuwa ulimbo. Mbio za kwanza zilifanyika pakavu na watu walizisikia tu, maana hakuna aliyeona kitu zaidi ya wingu. Za pili zilikuta manyunyu ya asubuhi, na pikipiki tatu zikasimama katikati ya kona zenyewe, bila stendi, wenyewe wameshashuka wanazitazama. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Katika hao waliocheka alikuwepo mama mmoja muuza maziwa, Mayu Minza, wa Nkololo. Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Kule kwao alijulikana kwa kitu kimoja, kutengeneza viwanja vya kupuria mpunga na mtama. Familia zilimwita kabla ya mavuno kama mnavyomwita fundi wa bati. Alituuliza, "Hapa mnapuria nini?"

Nikamjibu kwamba tunapuria pikipiki.

"Basi pureni kwenye kiwanja. Hili ni josho la nguruwe."

Kesho yake akaja na chepe, na maziwa hakuyauza tena. Yeye ndiye mwalimu wangu, na yote mnayoniona nayafanya ni yake. Kwanza ondoa udongo wa mbuga kwenye kona, kina cha mkono mpaka kiwiko. Jaza udongo wa kichuguu, uliopondwa, uliochanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe. Mwagia, ponda kwa vibao, acha ukauke siku mbili bila mtu kukanyaga, hata kuku. Hapo una sakafu. Lakini sakafu tupu inamtupa mpanda pikipiki, kwa hiyo juu yake mwaga mchanga wa mtoni, unene wa kidole, uliochanganywa na makapi ya mbegu za pamba ili usihame wote. Maji tulileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, mapipa mawili, pipa moja limetobolewa matundu kwa msumari. Nyuma ya mkokoteni tulifunga tawi la mgunga lenye miiba yake, likiburutwa linachana mchanga vizuri kuliko reki yoyote ya kununua. Mkono wako ndio kipimo. Fumbata udongo, udondoshe kutoka kiunoni. Ukivunjika vipande viwili, mbio zianze. Ukisambaa wote, rudisha ng'ombe mtoni. Ukinata kwenye vidole, kaa chini usubiri, na mtu akikuharakisha mwambie akasubiri na yeye. Mayu Minza hakutumia mkono. Alivua ndala akaukanyaga kwa kisigino, akaenda kona zote za duara hivyo, kimya, na sisi tukimfuata nyuma kama tunakagua gwaride.

Masanja alikuwa wakala wa kampuni ya magunia ya kijani. Mtoto wa Nkololo, mrefu, mwembamba, mcheshi. Ndiye aliyevumbua kiatu. Kwenye kona mguu wa kushoto lazima uteleze chini, na viatu vilikuwa vinaisha kwa wiki. Yeye akavaa katambuga, zile ndala zetu za tairi, na chini ya ile ya kushoto akapigilia kipande cha jembe bovu. Akipita konani cheche zinaruka, akina mama wanafunika watoto macho huku wao wenyewe wanatazama. Breki ya mbele alishaifungua akaitupa. Nilimuuliza siku moja anategemea nini sasa.

"Nakutegemea wewe, ngosha," akasema. "Breki yangu ni udongo wako."

Ngosha ni mwanamume, lakini anapokuita hivyo mtu wa kwetu amekupa cheo. Hakuna barua ya ajira iliyonifurahisha kama hilo neno. Mpinzani wake alikuwa Limbu wa Ipililo, wa magunia ya njano, mfupi, mkimya, anayepanda kama amekalia kigoda kwao. Masanja alikuwa anamwita Bibi Harusi kwa sababu ya utulivu wake. Limbu alimjibu mara moja tu, kwamba bibi harusi ndiye anayetangulia na wengine wote humfuata nyuma. Na siku hiyo alishinda.

Sasa nakuja kwenye kamba, na hapa wageni huwa hawatuelewi. Kwetu mashindano ya ngoma baada ya mavuno hayana refa. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja, saa moja, na mtazamaji anakwenda kwa miguu yake kusimama upande unaomvutia. Mwenye watu wengi jua linapozama ndiye mshindi. Tumekua hivyo. Kwa hiyo Gervas alipoweka mashabiki wa kijani nje, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, na wa njano ndani ya duara kwa kukosa nafasi nyingine, alifikiri amewatenganisha. Limbu alipompita Masanja mara ya kwanza, nusu ya watu wa ukutani waliinuka na watoto na vigoda vyao wakaanza kuvuka njia kwenda kusimama na njano. Pikipiki zinakuja. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanapiga kura kama walivyofundishwa na mama zao. Limbu aliwapitia katikati kwa bahati tu.

Gervas akataka kuleta mgambo wenye fimbo. Mayu Minza akamwambia watu wa ngoma hawazuiwi kuhama, wanapangiwa wakati. Ndiyo tukaweka kamba mbili, ya ndani na ya nje, zenye vitambaa vyekundu, kila moja na mlango wake, milango ikielekeana. Mbio zilikuwa tano. Kila zikiisha, kamba zinashushwa milangoni, watu wanahama wanavyotaka, kamba zinapandishwa. Mimi mlango wa ndani, Mayu Minza mlango wa nje. Sheria aliitunga yeye na ilikuwa moja: usishushe mpaka pikipiki zote zimezimwa. Usiangalie kwa macho, maana vumbi linadanganya. Sikiliza. Kukiwa kimya, shusha.

Watu waliipenda kuliko mbio zenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja alihama mara nne siku moja na kila alipovuka alipokewa kama bwana harusi. Wake wa nyumba moja waligawana, mkubwa kijani, mdogo njano, wakawa wanaitana kupitia njiani na kutaniana mapishi. Misimu minne tulikwenda hivyo bila mtu kuchubuka, ukiacha wapanda pikipiki, ambao kuchubuka ilikuwa kazi yao. Mkiniuliza miaka yangu mizuri ilikuwa ipi, ni hiyo. Nilikuwa naamka kabla ya ng'ombe.

Siku ya mwisho ya msimu wa nne alikuja mkubwa wa kampuni ya kijani kutoka Mwanza, na mpiga picha wake. Gervas, ambaye sasa alijiita meneja, alikuwa amemwahidi umati. Bahati mbaya Limbu alishinda mbio nne mfululizo na watu karibu wote walikuwa ndani ya duara, upande wa njano. Ukutani palibaki mkubwa, viti vyake na marundo ya fulana za kijani za kugawa. Mbio za tano Limbu akashinda tena, akasimama, akazima. Masanja mnyororo ulikuwa umemtoka upande wa mbali, nyuma ya vumbi. Wengi walidhani amekata tamaa, kumbe alikuwa anaurudisha amalize mbio.

Hapo Dotto, mtangazaji, akashika maiki na kuanza kuita kwamba walioko katikati wahamie kijani, fulana zinatolewa bure, wa kwanza ndio wa kwanza. Dotto alikuwa na karatasi ya sheria mbele yake na sheria aliijua. Leo anaongoza harusi, ana sauti ile ile na akili ile ile. Watu wakasukumana mlangoni kwangu. Gervas akaja nyuma yangu.

"Shusha, Sitta."

Sikushusha. Akasogea karibu na sikio.

"Nani meneja hapa, wewe au mimi? Shusha."

Nikashusha. Watu wakamwagika njiani, na wakakuta kamba ya upande wa pili bado iko juu. Mayu Minza alikuwa ameikumbatia na nguzo yake kwa mikono miwili, anapiga kelele warudi. Wakajazana katikati ya njia, mbele kamba, nyuma wenzao wanasukuma. Masanja akatokea kwenye vumbi amelala juu ya tangi. Alikuwa na nafasi ya kufikiri jambo moja tu, na akalifikiri sawa. Akailaza pikipiki kushoto, akaiachia. Mwili wake uliteleza kwenye kona yetu na ukasimama hatua kama tatu kabla ya watu. Udongo ulimshika. Lakini paja lilikuwa limevunjika mara mbili. Pikipiki ikaendelea peke yake, ikaruka ukingo wa ndani, ikang'oa nguzo yangu na goti langu pamoja. Mama mmoja alivunjika mkono katika kukanyagana. Hakuna aliyekufa. Kila nikisimulia huwa naanza na hilo.

Tulilazwa pamoja, mimi na Masanja, vitanda viwili vinatenganishwa na pazia. Mayu Minza akaja na uji. Alimnywesha Masanja kwanza, kisha akaja kwangu, akakaa.

"Ng'wanone," akasema, yaani mwanangu, "pikipiki uliisikia?"

Nikamwambia sikusikia kitu, spika ya Dotto ilikuwa inapiga kelele. Akanitazama, akanipa uji. Pazia lile lilikuwa kitambaa chepesi.

Kamati ilikaa. Gervas akasema mlinzi wa kamba alishusha kwa hiari yake, na Dotto akasema ndivyo alivyoona kutoka mezani. Mimi sikuitwa, nilikuwa na plasta mpaka kiunoni. Duara likafungwa, yadi ikauzwa viwanja, na pale kwenye kona bora niliyowahi kutengeneza sasa kuna nyumba ya mtu yenye sakafu isiyopasuka, na mwenyewe hajui kwa nini. Gervas ana nyumba ya kulala wageni Lamadi na anakaa viti vya mbele kwenye michango ya kanisa. Nimeandika jina lake hapa kwa kalamu ya wino.

Baada ya hapo nilitengeneza viwanja vya watu. Vya kupuria, vya mpira, na bodaboda zilipoingia mkaanza mbio zenu, nikatengeneza na njia zenu. Mayu Minza nilimsaidia kazi mpaka alipofariki. Hakuniuliza tena. Masanja akafungua gereji, anatembea na fimbo, na hakuna injini Bariadi nzima inayomshinda. Salamu zangu aliziacha zipite kama sauti ya redio ya jirani.

Mliponiomba maandishi haya nikaona siwezi kumwandika mtu ambaye sijaongea naye. Juzi asubuhi nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye benchi lake refu, mguu mbovu ameunyoosha juu yake, anasafisha kabureta kwa mswaki. Nikasema nimekuja kwa habari ya kamba. Nikaeleza jinsi Gervas alivyoniamuru, mara mbili, sikioni.

"Hilo nalijua tangu wiki ile ile," akasema bila kuinua macho. "Mayu Minza alimwona."

Nikauliza, kama alijua, miaka yote hii alikuwa ananikasirikia nini.

"Habari ya Gervas sijawahi kukuuliza. Pikipiki yangu uliisikia?"

Ningeweza kurudia habari ya spika. Nimeirudia kwa mke wangu, kwa wanangu, kwa mchungaji. Nilikuwa kijana mwenye masikio mawili mazima, na misimu minne kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Gervas alikuwa anachagua nani abaki. Nikajisema iko mbali, watapita.

"Niliisikia," nikasema.

Mswaki ukasimama. Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayeeleza ubovu wa injini ambao yeye ameshausikia.

"Ilikuwa gia ya ngapi?"

"Ya tatu. Ulikuwa unaingiza ya nne."

Kwa hiyo, vijana, wenye makosa ni watatu: Gervas, Dotto na Sitta. Gervas aliamuru, Dotto aliita, na mimi nilikuwa nimesikia.

Masanja aliitikia kwa kichwa polepole, akapuliza tundu la kabureta, akaliangalia kwenye mwanga. Kisha akaushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akaushusha chini, na kwenye benchi ikapatikana nafasi ya mtu mmoja.